Swali la Arobaini na Moja

Karatasi nane za majibu zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya Katibu wa Baraza la Madaktari, nne juu na nne chini, na mpelelezi alikuwa akizipitia kwa rula. Aliiweka rula chini ya mstari, akasoma, akaishusha mstari mmoja, akasoma tena, taratibu kama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Ndiyo maana pale ofisini walimwita Mama Rula. Miaka ishirini alikuwa askari wa upelelezi kabla Baraza halijamchukua, na tabia ya askari haikumtoka.

"Nenda moja kwa moja kwenye swali la arobaini na moja," Katibu alisema. "Mengine utajichosha bure."

Alikwenda. Karatasi ya kwanza, D. Ya pili, D. Mpaka ya nane, D.

"Na jibu sahihi?"

"B." Katibu alivuta kiti karibu. Alikuwa mtu wa suti iliyonyooka, na kiunoni alining'iniza shada la funguo lililompigia kelele kila alipojigeuza. "Madaktari wa familia mia nne na kumi wamefanya mtihani huu wa kuhuisha leseni. Waliolikosa swali hili hawazidi ishirini. Wengine wametawanyika huku na huko, mmoja mmoja. Lakini hawa nane ni wa wilaya moja. Siku ya mtihani walikuja kwa gari moja. Jumapili iliyotangulia walijifungia kwenye sebule moja tangu asubuhi. Sasa mama, unataka nikuchoree picha?"

"Soma swali."

Katibu alilisoma. Mtu mzima ameumwa na nyuki, midomo imevimba, anahema kwa shida, presha inashuka. Utampa nini kwanza, na utampaje? Jibu B lilisema adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Jibu D lilisema adrenalini hiyo hiyo, chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko.

"Tofauti yake nini?"

"Chini ya ngozi dawa inajikokota. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kungoja."

Mama Rula aliiweka rula kando. "Kama waliiba jibu, nani anaiba jibu baya?"

"Labda karatasi ya majibu ya awali ilikuwa na kosa. Wakapenyezewa hiyo."

"Uliiangalia?"

Katibu alijikuna nyuma ya sikio. Aliinuka, funguo zikapiga kelele, akafungua moja ya makabati ya chuma yaliyojipanga ukutani, akatoa faili. Wakaiangalia pamoja. Karatasi ya awali ilikuwa na B.

"Basi sielewi," alisema Katibu, akakaa.

"Wala mimi."

"Usipoelewa mpaka kesho tutakuwa tumechelewa. Baraza linakaa kesho saa nne asubuhi. Wakionekana wamekula njama, leseni nane zinafutwa hapo hapo, na vituo vinane vinafunga milango. Hatuna madaktari wengine wa kupeleka kule." Akamtazama. "Na kiapo chako unakikumbuka."

Alikikumbuka. Kila aliyeona karatasi zile aliapa kwanza, mkono juu ya kitabu kitakatifu, kwamba hatamwambia daktari yeyote jibu la swali lolote, kwa kuwa maswali hutumika tena miaka ijayo. Mama Rula hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Alikuwa ameapa mara tatu maishani: ndoa, uaskari, na hili.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa nyuma ya soko. Daktari wake alikuwa mnene, mwenye sauti ya polepole, na wagonjwa walimwita Bwana Taratibu.

"Swali la nyuki?" alisema. "Hilo nililipata, mama. Kuna mengine ya figo yalinitoa jasho, lakini la nyuki, hata ungeniamsha usingizini."

"Ulijibu nini?"

"Chini ya ngozi, mkono, juu ya kiwiko." Akamtazama kwa huruma kidogo. "Kwani kuna jibu jingine?"

Mama Rula aliandika jibu hilo. Madaktari walipewa alama zao tu, sabini, themanini na mbili. Swali walilolikosa hawakutajiwa. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa amekaa mbele yake, hana wasiwasi hata chembe, akijivunia kosa. Mwizi hajivunii hivyo. Mwizi angeuliza kwa nini anaulizwa.

"Jumapili mlisoma nini?"

"Kisukari. Mwalimu wetu alitukamua kisukari tangu asubuhi mpaka alasiri."

"Mwalimu ndiye nani?"

"Daktari wetu wa zamani, mama yetu sote. Amestaafu, lakini Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwake kujinoa. Ukikaa kituoni peke yako miaka kumi, mama, unaota kutu bila kujua. Yeye ndiye anayetukwangua."

Nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na trei ya mbao iliyofunikwa kitambaa cheupe, na daftari limefungwa kwayo kwa uzi. Mama Rula aliuliza ni nini.

"Trei ya dharura. Inakaguliwa kila Jumatatu na kutiwa saini. Fungua uone. Kama utakuta dawa iliyopitwa na tarehe, nipeleke jela leo."

Alifungua daftari tu. Saini zilikuwa zimejipanga kila wiki, hakuna wiki iliyorukwa. Aliandika hilo, akaondoka.

Kituo cha pili wakamwambia vile vile. Cha tatu vile vile, na daktari wa pale aliudhika kabisa. "Unanifanyia mtihani wa mtihani?" alisema. "Muulize hata mfagizi wangu, atakwambia chini ya ngozi." Mfagizi aliulizwa, kwa mzaha, na kweli alisema chini ya ngozi. Vituo vinne vilivyofuata navyo vikawa na jibu lile lile. Kichwa kilianza kumzunguka Mama Rula. Njama gani hii inayomwingiza hata mfagizi?

Akafikiri labda ni huyo Mwalimu. Labda kisukari kilikuwa kifuniko, na chini yake palikuwa na karatasi. Kwenye orodha ya waliohudhuria Jumapili ile palikuwa na watu tisa, si wanane. Wa tisa alikuwa mtu aliyehamia wilayani miaka miwili iliyopita, na wenzake bado walimwita Daktari Mgeni. Yeye alikuwa amejibu B.

Alimkuta akila embe kwenye ngazi za kituo chake kipya kilichonukia rangi.

"Ulikaa nao Jumapili nzima?"

"Nzima. Mpaka nikatamani kuona mgonjwa asiye na sukari."

"Ulitoka nje wakati wowote?"

"Nilitoka kujisaidia, mama. Hilo nalo liandike."

"Nyuki mlizungumza?"

"Nyuki? Hapana. Nani azungumze nyuki? Hayo ni mambo ambayo kila mtu anayajua. Ni kama kumuuliza mtu mzima mguu gani unaingia kwenye kiatu cha kulia."

"Na wewe unajua nini?"

"Msuli wa paja, upande wa nje." Akafuta mikono. "Nimekosea?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi nimepata. Ungeona uso wako."

Alicheka peke yake. Mama Rula hakucheka. Kama jibu lilipitishwa sebuleni, lilimpitaje huyu aliyekaa katikati yao? Na kama huyu ndiye aliyewachongea, mbona anacheka kama mtu asiye na neno moyoni? Alizunguka kile kituo chote akitafuta kitu ambacho hakukijua. Kwenye rafu ya dharura palikuwa na boksi jekundu la plastiki, na karatasi ya kiwandani imebandikwa kwenye mfuniko. Akaandika na hilo pia, kwa sababu alizoea kuandika kila kitu, akalisahau.

*

Saa tisa alasiri alifika kituo cha mwisho, juu kilimani. Daktari wake alikuwa msichana mfupi, mwembamba, mwenye saa kubwa ya mkononi iliyomlegea. Wagonjwa walimwita Daktari Kidogo, kwa mapenzi, na yeye aliitika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Keti." Mama Rula alimwekea mbele nakala ya karatasi yake ya majibu, akaiweka rula chini ya mstari wa arobaini na moja. "Hapa umetia alama D. Lakini penseli imeacha kivuli. Kabla ya D ulitia alama nyingine, ukaifuta kwa raba. Ilikuwa ipi?"

Msichana aliinama kuangalia. "B."

"Nani alikwambia uifute?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Msimamizi alipita? Jirani alikohoa?"

"Hapana, mama. B niliisoma chuoni, kwenye kitabu. Halafu nikakumbuka kazini tunafanya D. Nikajiambia, kitabu ni kitabu, lakini wagonjwa wako huku. Nikafuta."

"Kazini tunafanya D. Nani huyo tunafanya?"

Kabla hajajibu, nje pakasikika vurugu ya viatu. Mlango ulisukumwa. Mwanamke mmoja na jirani yake walikuwa wamembeba mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli yenye lami. Alikuwa fundi paa. Uso ulikuwa umefumuka, macho yamekuwa michirizi miwili, na kifua kilikuwa kinapiga mluzi.

"Nyuki," alisema mke wake. "Walikuwa chini ya bati. Nilimwambia leo usipande, wamechachamaa. Akaniuliza tangu lini nimekuwa msemaji wao."

Daktari Kidogo alikwishaondoka kwenye kiti. Walimlaza kitandani. Muuguzi, mama wa umri wa Mama Rula aliyeitwa na wote Sista, alileta trei ya mbao, akavuta kitambaa cheupe, akainua kadi iliyowekwa ndani ya plastiki. Akaanza kusoma kwa sauti, kama anayesoma matangazo ya msiba.

"Moja. Mlaze chali, miguu juu."

"Moja," alijibu daktari, akiinua miguu ya fundi juu ya mto.

"Mbili. Adrenalini, chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko."

"Mbili." Sindano ikaingia mkononi.

Mama Rula alikuwa amesimama mlangoni na rula yake mkononi. Alisikia maneno yale, neno kwa neno, kama alivyoyasikia toka asubuhi katika vinywa vinane, cha mfagizi kikiwemo. Aliitazama kadi. Akaitazama trei. Akakumbuka boksi jekundu la plastiki.

"Tatu. Oksijeni. Nne. Subiri dakika kumi, pima tena."

"Presha?" aliuliza daktari.

"Inashuka."

Wakasubiri. Saa ya ukutani ilisogeza mshale wake. Dakika ya pili mluzi wa kifuani ulikuwa mwembamba zaidi. Dakika ya nne midomo ya fundi ilianza kugeuka rangi.

"Mbona anazidi?" aliuliza mke wake. "Nauliza mbona anazidi, nyie watu wa Mungu?"

Daktari Kidogo alikuwa akitazama saa yake ile kubwa. Bado dakika sita kwenye kadi.

Mama Rula alitia rula mkobani. Kiapo kilikuwa kile kile, na kitabu alichokishika kilikuwa kile kile.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini. "Lile jibu ulilolifuta."

Msichana aligeuka.

"Ndilo lililokuwa sahihi. Ni B, la paja."

Sista aliitazama kadi, akamtazama mgeni, akaitazama tena kadi. "Kadi haisemi hivyo," alisema.

"Sista," alisema Daktari Kidogo, "nipe nyingine. Paja, upande wa nje."

"Lakini kadi, mwanangu..."

"Nipe sindano, Sista. Kadi iweke chini."

Alichoma kupitia ovaroli, hakungoja kuivua. Kisha akasimama na vidole vyake kwenye mshipa wa fundi, akihesabu kwa midomo. Dakika moja. Mbili. Katika ya tatu kifua kilipanda kwa kina, kikashuka. Katika ya tano mluzi ulikuwa umepanuka ukawa mkoromo, na mkoromo ukawa pumzi. Fundi alifungua jicho moja kidogo.

"Ngazi yangu," alisema.

"Ngazi yako iko huko huko kwa nyuki wako," alisema mke wake, akakaa sakafuni.

Gari la wagonjwa liliitwa limpeleke hospitali kuu akaangaliwe mpaka kesho. Lilipoondoka, Daktari Kidogo alinawa mikono, akaendelea kunawa baada ya mikono kutakata.

"Mama, wewe si daktari."

"Si daktari."

"Basi umejuaje?"

"Nimeapa nisiseme."

"Umeshasema."

"Ndiyo. Nimeshasema."

Msichana alifunga bomba. Alichukua daftari la dharura kabatini, akalifungua, akapitisha kidole. Tangu afike pale walikuwa wamepata watu watatu wa namna ile. Wawili waliandikwa wamepona. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mbele ya jina lake palikuwa na neno moja, amefariki.

"Tulisema alichelewa kuletwa," alisema. "Na kweli alichelewa. Ila sasa sijui. Ningefanya vile vingine, angekuwa..." Akalifunga daftari. "Sijui, mama. Sijui hata nianze wapi kutojua."

Mama Rula alichukua kadi, akaiweka chini ya dirisha kwenye mwanga. Maandishi yalikuwa mazuri, ya mkono, yamenakiliwa kwa uangalifu. Kila kichupa kwenye trei kilikuwa na tarehe ya kuisha, na kila tarehe ilikuwa imekaguliwa Jumatatu iliyopita na kutiwa saini. Kadi haikuwa na tarehe yoyote.

"Sista, kadi hukaguliwa lini?"

Sista alionekana hajaelewa. "Kadi? Kadi ikichakaa tunainakili upya."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Maandishi ya Mwalimu hayo, mama. Sisi nani tuyabadilishe? Alipotupa trei hizi alituambia, mmoja asome kwa sauti, mwingine atende, mkono usitegemee kumbukumbu ukiwa na hofu. Vituo vyote vya zamani viko hivyo."

"Vya zamani vingapi?"

"Vinane."

*

Mwalimu alikuwa bibi mrefu, mkavu, aliyewapokea wageni kwenye sebule yenye viti tisa vya plastiki vilivyopangwa duara. Mama Rula hakuzunguka. Alimwekea kadi mapajani.

Bibi alivaa miwani. "Hii niliandika mimi," alisema. "Miaka ishirini na sita iliyopita. Yule mtoto wa muuza chumvi alikufa mikononi mwetu kwa sababu daktari alitaharuki, akasahau cha kwanza ni kipi. Nikaenda kwa seremala, nikamwambia nitengenezee trei nane." Akaisoma kadi mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. "Iko sawa."

"Haiko sawa, Mwalimu."

Mama Rula alimweleza. Akiwa amekwishavunja kiapo mara moja, mara ya pili haikuwa na uzito zaidi. Bibi alisikiliza. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akasoma mstari wa pili tena.

"Wakati ule vitabu vyote vilisema hivi," alisema baadaye.

"Naamini."

"Halafu vikabadilika, na mimi nimekaa hapa kila mwezi nawafundisha kisukari." Akaigeuza kadi. "Wanangu wanajua?"

"Mmoja amejua leo."

"Huo mtihani wenu umeanza nikiwa nimeshastaafu. Huu ni wa ngapi?"

"Wa tatu. Kila baada ya miaka mitatu."

"Na swali hili ni jipya?"

"Maswali hutumika tena."

Bibi aliinua uso. Macho yake hayakuwa ya mtu mzee hata kidogo. "Basi mara zile mbili za nyuma, wanangu walijibu nini?"

Kutwa nzima Mama Rula alikuwa amewauliza watu tisa na mfagizi mmoja. Swali hilo hakumuuliza mtu.

*

Asubuhi saa mbili alikuwa kwenye ghala la karatasi za Baraza pamoja na mtunza kumbukumbu, mwanamume mwenye mafua aliyelalamika juu ya vumbi tangu waingie mpaka watoke. Mtihani wa miaka mitatu nyuma ulikuwa kabati namba tatu. Swali la nyuki lilikuwepo, safari hiyo likiwa la kumi na saba. Aliweka rula. Vituo vinane, D saba. Wa nane alikuwa mgonjwa siku hiyo. Akatoa wa miaka sita nyuma. Swali la sitini na mbili. D sita; vituo viwili wakati ule havikuwa na daktari.

Kwenye kila karatasi, pembeni mwa ile D, msahihishaji alikuwa ametia kialama chekundu cha kosa. Kisha karatasi ikakunjwa, ikafungiwa.

Saa tatu na nusu alimkuta Katibu ofisini kwake. Barua nane za kufuta leseni zilikuwa zimeshapigwa chapa, zinangoja saini za Baraza. Mwalimu alikuwa amekaa mbele yake na mkoba wa mkono magotini. Tangu alfajiri Daktari Mgeni alikuwa amemzungusha kwa gari kituo hadi kituo.

"Nimepigiwa simu," Katibu alimwambia Mama Rula. "Umevunja kiapo."

"Nimevunja. Liandike. Nitalijibu kwa aliyenisikia nikiapa." Aliweka mafungu mawili ya karatasi mezani. "Hawa watu hawakuiba. Jibu walilolitoa wanalo kwenye trei zao zote, limeandikwa kwa wino. Angalia tarehe za hizi."

Katibu aliangalia. Aligeuza ya kwanza, ya pili, akaanza kugeuza kwa kasi, akasimama.

"Miaka sita," alisema.

Mwalimu alifungua mkoba. Alitoa kadi nane, akazipanga nne juu na nne chini, mahali pale pale zilipokaa karatasi za majibu jana.

"Mimi nilikosea kwa kutojua," alisema. "Nitalala na kosa hilo, na kuna kaburi la mwalimu wa shule nitakwenda kusimama mbele yake. Hapa ndani, baba, nani alijua?"

Katibu alishika funguo zake zisilie. "Hatuwezi kuwaambia madaktari walikosea wapi, mama. Tukiwaambia, maswali yote yatajulikana. Mtihani utalindwaje?"

"Kwa hiyo mlilinda swali."

Kwenye korido wajumbe wa Baraza walikuwa wameanza kufika, viatu vyao vikisikika kimoja kimoja. Mama Rula alikuwa anajaza fomu yake ya mwisho. Penye nafasi ya waliohojiwa aliandika wote. Penye nafasi ya mtuhumiwa aliandika: Kabati namba tatu, pamoja na wenye ufunguo. Akatia saini, akaisukuma mbele.

Katibu aliisoma. Akaisoma tena. Alikusanya zile barua nane za kufuta leseni, akazigonga mezani zikawa sawa, akainama kuelekea pipa la taka.

"Usizitupe," alisema Mwalimu. "Karatasi nzuri hizo, nyuma ni nyeupe. Geuza. Andika jibu la nyuki, moja kwa kila kituo, na chini yake tarehe ya leo. Zipelekwe kabla ya saa sita."

Katibu alisimama na barua mkononi, akitazama mlango wa korido, akitazama makabati ya chuma, akiwatazama wanawake wawili wasiotazama pembeni. Kisha alikaa, akaigeuza barua ya kwanza, akachukua kalamu. Mstari wa kwanza ukaenda mshazari.

Mama Rula akamsogezea rula.